Kichwa cha treni cha maboksi

Haya wadau, leo siasa tuiweke pembeni. Naongelea vichwa vya treni vya dizeli, vile vya kukokota mizigo.

Injini za mvuke zina wapenzi wake. Injini namba 5903 ya East African Railways iliitwa Mount Meru, jina la mlima wetu huu huu. Ilikuwa moja ya injini 34 za aina yake zilizoundwa Uingereza mwaka 1955 na 1956, na mbili kati ya hizo zimehifadhiwa kwenye makumbusho ya reli Nairobi.

Vichwa vya dizeli je? Havikupewa milima, vilipewa namba tu: daraja la 73 kutoka Varanasi, India, na la 88 kutoka Montreal, Kanada. Vyote ni ukoo mmoja, wa michoro ya kampuni ya ALCO ya Marekani: pua ndefu nyembamba yenye mashine, chumba cha dereva karibu na mwisho, na vijia vya kupita pembeni.

Dukani sijawahi kuona modeli ya kichwa chetu, kwa hiyo naunda mwenyewe kwa maboksi na gundi. Hesabu yake nyepesi. Reli yetu, iliyofika Arusha kutoka Moshi mwaka 1929, ina upana wa mita moja. Ukiigawa kwa 87, kipimo kinachopendwa sana na waunda modeli, unapata milimita 11.5, na reli za milimita 12 huuzwa Ulaya kwa kazi hiyo. Ukikiweka kwenye reli yao ya kawaida ya milimita 16.5, kinatanua miguu, si chetu tena!

Kwa nini nahangaika? Kwa sababu treni zilipoacha kuja, majani yaliota na watu wakajenga vibanda hadi kando ya mataruma. Mdogo wangu alikua akijua reli ni chuma cha kukalia tu. Treni ya mizigo ilirudi Moshi Julai 2019, na Oktoba 2020 treni ikafika tena Arusha, watu wakashangilia. Lakini kilichosahaulika mara moja kinaweza kusahaulika tena.

Sasa ndugu msomaji, kama una mzee aliyefanya kazi reli, kaa naye. Muulize rangi, muulize mlio wa honi, muulize namba. Mlima utabaki hapo hapo kulikumbusha jina la ile ya mvuke. Hizi za dizeli zinatutegemea sisi.