Damu Kwanza, Kadi Baadaye

Hii ni sehemu ya 9 ya maandishi yetu. Wiki iliyopita tuliongea juu ya homa ya mtoto mchanga, na wengi mliniandikia. Leo sitazungumzia dawa sana. Kuna dada mmoja, mama wa watoto wawili, aliniuliza hivi: "Sista, mimi naenda kanisani kila Jumapili, nasali, nafunga, natoa sadaka, lakini moyoni najiona nina deni tu. Hiyo Injili maana yake ni nini hasa kwa mtu wa kawaida kama mimi?"

Nimekaa na swali lake siku kumi. Mimi si mchungaji, nina diploma ya uuguzi tu. Lakini jibu ninalo, na nililipata kwa aibu. Soma taratibu, hata kama unanyonyesha.

Wengi mnajua mimi ni mtu wa Bara. Mume wangu alihamishiwa Pemba kikazi, nami nikamfuata, nikapata kazi hospitali. Huku Wakristo ni wachache sana, wengi wetu ni watu wa kuja: askari, walimu, watumishi. Jumapili tukikusanyika kanisani unaweza kutuhesabu kwa macho bila kusimama. Majirani zangu wote ni Waislamu, na kwa kweli nimeishi nao kwa amani kuliko nilivyotarajia.

Sasa mwaka wangu wa kwanza huku, alfajiri moja, aliletwa mama kijana kutoka kwenye kimoja cha visiwa vidogo vinavyoizunguka Pemba. (Nimebadilisha mambo machache ili asitambulike, na familia yake imeniruhusu kusimulia.) Alikuwa amejifungulia nyumbani usiku, kabla ya siku zake. Kondo la nyuma halikutoka lote. Maji ya bahari yalikuwa yametoka, chombo kimelala kwenye matope, ikabidi wasubiri maji yajae ndipo wavuke. Wakavuka, wakatafuta gari, wakafika kwetu kanga zimelowa damu mpaka zinadondosha. Alikuja na mama mkwe wake, bibi mmoja mwembamba, amembeba kichanga ndani ya nguo kifuani.

Mimi nilikuwa mwisho wa zamu ya usiku, miguu imevimba. Unajua nilifanya nini? Nilisimama mlangoni nikauliza: "Kadi ya kliniki iko wapi? Amehudhuria mara ngapi? Kwa nini mmechelewa? Nani aliwaambia mzalie nyumbani?"

Bibi akaanza kupekua mfuko wa plastiki akitafuta kadi. Damu inatoka, yeye anatafuta kadi, mimi nasubiri kadi.

Muuguzi mkubwa wa zamu akatokea nyuma yangu, akanisukuma kwa bega, akasema kwa sauti ambayo sijaisahau: "Damu kwanza! Kadi baadaye!"

Tukaingia kazini. Tukamwekea dripu na dawa ya kukaza kizazi, daktari akaja akaondoa kipande cha kondo kilichobaki, mimi nikawa nakanda tumbo huku mkono wangu mwingine ameung'ang'ania yule mama. Ndugu zake wakatolewa damu. Mpaka jua limepanda, damu ikakatika. Mama akapona.

Kichanga hakikupona. Kilikuwa kidogo mno, na kilifika kimepoa. Kilifariki kabla ya adhuhuri.

Hapo ndipo aibu yangu ilipo. Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi la nje. Nilikwenda kumpa taarifa, na badala ya kumpa pole nikamwambia: "Mngekuja mapema asingekufa." Hakunijibu. Akaikaza kanga yake kiunoni, akasema tu, "Haya, mwanangu," akainuka kwenda kuwatafuta wanaume wa kumzika mtoto.

Nilirudi nyumbani, nikalala. Jumapili nikaenda kanisani kama kawaida, nikaimba. Ndiyo. Niliimba.

Zikapita kama miezi kumi na minne. Mimi mwenyewe nikajifungua, mtoto wangu wa pili. Nilikuwa ndani ya arubaini, mume yuko kazini, mama yangu mzazi yuko mbali, nauli ya kuja huku hakuwa nayo. Siku hiyo nasikia hodi. Nafungua, ni yule bibi. Kichwani ana pakacha. Ndani kuna ng'onda wa changu, nazi mbili, na pilipili manga iliyotwangwa, imefungwa kwenye karatasi.

Akasema, "Nimesikia sista amejifungua na hana mama yake karibu. Nimekuja kukupa hongera."

Alikuwa amevuka maji tena, kwa ajili yangu. Akaingia jikoni kwangu bila kuuliza sana, akanipikia uji wa pilipili manga. Mimi nimekaa kitandani, koo limekaza. Mwisho nikashindwa, nikamuuliza, "Bibi, unanikumbuka mimi?"

"Nakukumbuka. Wewe ndiye uliyemkanda tumbo mke wa mwanangu."

"Na maneno niliyokwambia pale nje?"

Akakoroga uji kidogo. "Na hayo nayakumbuka. Kunywa uji, usipoe."

Basi. Hakusema zaidi. Hakungoja niombe radhi ndipo anipe bakuli. Radhi niliomba baadaye, bakuli likiwa tupu, machozi yananitoka, na yeye akanipangusa kwa ncha ya kanga yake.

Sitaki unielewe vibaya. Bibi yule ni Muislamu, anaswali swala zake tano, hakuja kunihubiria Injili, wala mimi simfanyi kuwa Mkristo asiyejijua. Alifanya alivyofundishwa na imani yake na mama yake. Nasema tu kwamba mimi, niliyelelewa kanisani tangu utotoni, siku ile niliyaelewa mambo niliyokuwa nayasikia miaka yote bila kuyaelewa. Kumbe hata kwa Mungu ni damu kwanza, kadi baadaye.

Neno Injili lilitufikia kwa njia ya Kiarabu, na asili yake ni Kigiriki. Maana yake ni habari njema. Ni habari. Wewe na mimi tunajua tofauti ya habari na masharti. Sisi wauguzi tunatoa vyote viwili kila siku. Nikikwambia "mnyonyeshe miezi sita bila kumpa kitu kingine", huo ni ushauri, wa kuutekeleza ni wewe. Lakini ukiwa umekaa nje ya chumba cha upasuaji, binti yako yuko ndani, nikatoka nikakwambia "mama mzima, mtoto mzima", hapo huna cha kutekeleza. Kazi imeshafanyika, na hukuifanya wewe. Wewe unapokea tu, unalia, unamkumbatia mtu usiyemjua.

Wengi wetu tumeigeuza Injili ikawa ushauri. Sali zaidi, funga zaidi, toa zaidi, labda Mungu atakutazama. Tunasimama mlangoni mwake tukipekua mfuko wa plastiki tunatafuta kadi, huku damu inatoka.

Angalia habari za Yesu mwenyewe. Zakayo mtoza ushuru, katika Luka sura ya 19, alikuwa mwizi anayejulikana mji mzima. Yesu alimwita ashuke mtini akitaka kukaa nyumbani kwake siku ileile. Watu wakanung'unika. Zakayo alikuwa hajarudisha hata shilingi ya mtu. Ahadi ya kurudisha mara nne aliitoa baada ya kupokelewa. Au yule kijana aliyetapanya urithi, sura ya 15. Njiani alijiandalia hotuba, na mwisho wake alitaka aombe awe kibarua kwa baba yake. Isome vizuri uone: ile sehemu ya kuomba ukibarua hakuwahi kuisema. Alikuwa ameshakumbatiwa kabla, na baba akawa ameshaagiza nguo na viatu. Kutubu kupo, ndugu yangu, wala sisemi dhambi si kitu. Kadi yangu ilikuja kuulizwa, na mimi niliomba radhi kweli. Lakini niliiomba nikiwa nimeshalishwa.

Sisi wa Pemba tuna historia inayoweza kutusaidia hapa. Mashamba haya ya karafuu tunayopita kila siku yalilimwa na watumwa. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri kwamba hali ya utumwa haitambuliki tena kisheria Unguja na Pemba. Mwaka huohuo Theodore Burtt na wenzake wa dhehebu la Marafiki kutoka Uingereza, wale wanaoitwa Quakers, walianza kazi yao hapa Pemba, wakaweka makao Banani, si mbali na Chake Chake, ili kuwasaidia walioachwa huru. Sasa amri ilikuwa imeshatoka, lakini mtumwa alitakiwa aende mwenyewe kuudai uhuru wake, na wengi waliendelea kuamka asubuhi na kwenda shambani kwa bwana yuleyule. Mfano huu una ila zake kubwa. Fidia walilipwa mabwana, si waliotumikishwa, na masuria waliachwa nje ya amri ile mpaka 1909. Injili haimlipi fidia aliyetesa, wala haimwachi mwanamke mlangoni. Lakini nauchukua kwa jambo moja: mtu anaweza kuwa huru kwa amri na bado akaishi kama mtumwa. Dada uliyeniuliza, ndipo ninapokuona umesimama. Amri imeshatoka. Acha kwenda shambani kwa bwana yule.

Utaniuliza, sasa kama nimesamehewa bure, si nitajiachia? Mimi nitakujibu kwa yaliyonipata. Baada ya ule uji sijawahi tena kumwambia mzazi neno kama lile. Naweza kuchoka, naweza kununa, lakini neno lile haliji. Halikuzuiwa na semina, na semina nimehudhuria nyingi. Lilizuiwa na bakuli. Mtu aliyelishwa na yule aliyemkosea hawezi kirahisi kusimama mlangoni kudai kadi za wengine. Na pale ninapojikuta nimeanza tena kudai, najua nimesahau.

Tulilete nyumbani sasa, maana nyie wengi mna watoto wadogo.

Mtoto akimwaga maziwa makusudi, usimwambie "Mungu hakupendi ukifanya hivyo." Huo ni uongo, na utamchukua miaka mingi kuutoa kichwani. Mshike kwanza. Kisha mpe kitambaa afute. Kufuta lazima afute! Ila afute akiwa mtoto wako, asifute ili awe mtoto wako.

Mumeo akirudi na kosa lake, au wewe ukiwa na lako, msingojeane nani aanze. Mmoja aweke chakula mezani. Mazungumzo magumu yapo na yafanyike, lakini mtu aliyekula husikia vizuri zaidi. (Sizungumzii kipigo. Anayekupiga ondoka kwanza, ukae mahali salama. Kusamehe si kurudi kupigwa.)

Na wewe mama uliyepoteza mtoto, ukaambiwa na muuguzi, au na mama mkwe, au na mtu wa kanisani kwamba ni makosa yako au ni adhabu: sikiliza. Aliyekwambia hivyo inawezekana alikuwa kama mimi, amechoka na hajajua analosema. Kwa niaba ya aliye kama mimi, nakuomba radhi. Yesu alipoulizwa na wanafunzi wake nani alitenda dhambi hata mtu akazaliwa kipofu, yeye au wazazi wake, alikataa majibu yote mawili.

Sasa nivae tena sare yangu kidogo. Ukijifungua, popote ulipo, ukaona nguo imelowa damu na ya pili inafuata, au kondo halijatoka ndani ya nusu saa, au kichwa kinazunguka na jasho baridi linakutoka, usitafute kadi. Usitafute nguo nzuri, wala usiogope sista atasema nini. Njoo. Kichanga mfunge kifuani, ngozi kwa ngozi, umfunike kichwa ili asipoe njiani. Akisimama mtu mlangoni kukuuliza maswali, mwambie damu kwanza.

Yule bibi bado yupo. Msimu wa karafuu uliopita mke wa mwanawe alijifungua hospitali, mtoto wa kike, mzima. Safari hii mimi ndiye niliyepeleka pakacha.

Tutaonana sehemu ya 10, tutaongelea kunyonyesha usiku. Kama una neno, liandike hapa chini. Kama ni zito, nitumie ujumbe wa faragha, nitausoma nikitoka zamu.