Karani Amekosea: Deni ni la Nani?

Leo twapenda kuwasimulia jambo lililotupata sisi wenyewe huku Karavia, katika mji wa Lubumbashi. Si jambo la kutuletea sifa. Twalisimulia kwa sababu wengi wenu limekwisha kuwapata, au litawapata siku moja.

Mwezi wa Septemba mwaka 2022 tulikuwa tukitaka kuezeka chapeli yetu ndogo. Kuta zilikuwa zimesimama, na watu wote walihofu mvua, maana hapa kwetu huanza mwezi wa Oktoba au wa Novemba, na ukuta usio na paa hauwezi kushindana nayo. Wakristo walichanga walichoweza. Wazee wa chapeli wakatutuma sisi, mwalimu wao, kwenda mjini katika magazini moja ya vifaa vya ujenzi, tununue mabati 80, au malata kama tusemavyo hapa. Tukapatana na mwenye magazini mbele ya mashahidi wawili: kila lata dola 10, jumla dola 800. Siku ile tulitoa 300. Zilizobaki 500 tungelipa kidogo kidogo kwa miezi mitano. Tukapeana mikono.

Kijana karani akaandika fakture. Malata yakapakiwa garini, tukayahesabu: 80. Hati ya kutolea vitu ilisema 80. Lakini fakture ilisema 60: jumla dola 600, zimelipwa 300, zimebaki 300.

Hatutaki kujificha mbele yenu. Kosa lile tuliliona jioni ile ile, tulipoketi karibu na taa kuandika hesabu katika daftari. Tukasoma mara ya kwanza, tukasoma mara ya pili. Kisha tukaikunja karatasi, tukaitia ndani ya kitabu, tukanyamaza. Moyoni tulisema: Magazini ile ni ya tajiri. Kosa ni lao, si letu. Tena fedha si za mfuko wetu, ni za nyumba ya Mungu. Loo! Mtu akitaka kufanya neno baya, sababu hazimpungukii.

Oktoba tukalipa 100, Novemba 100, Desemba 100. Karani akapiga muhuri kwamba tumemaliza. Ndipo tulipowaambia wazee, nao wakagawanyika.

Mzee mmoja akasema, “Mwalimu, aliyekosea ni karani wao. Karatasi yao wenyewe, yenye muhuri wao, yasema hatuna deni. Sheria iko upande wetu.”

Mwingine akasema, “Tunyamaze tu. Muda utapita, neno litakufa.”

Lakini mama mtunza sanduku akauliza, “Yale malata 20 yako juu ya vichwa vyetu. Aliyeyalipa ni nani?”

Hakuna aliyemjibu. Tukakubaliana kwenda kwa wakili mmoja wa parokia yetu, tupate kujua sheria yasema nini. Maneno aliyotueleza yafaa kila mtu ayajue.

Sheria ya mapatano na madeni katika Kongo ni amri ya tarehe 30 Julai 1888, ya wakati wa mfalme Leopold wa Pili. Inafuata kitabu cha sheria cha Wafaransa cha mwaka 1804, na mpaka leo mahakama zetu huitumia. Katika kifungu chake cha 33 imewekwa kwamba watu wakipatana kwa halali, mapatano yao huwa kama sheria kati yao. Basi, akasema wakili, mlipatana nini? Malata 80 kwa dola 800. Mlipokea nini? Malata 80. Hapo ndipo deni lilipozaliwa, si katika fakture. Fakture ni shahidi tu, na shahidi aweza kukosea. Ingekuwa mwenye magazini mwenyewe ametaka dola 600 kwa malata 80, nanyi mkakubali, hilo ndilo lingekuwa mapatano. Lakini kalamu ya karani ikiteleza katika kuhesabu, haigeuzi neno lililopatanwa.

Tukamwuliza habari za muhuri. Akajibu kwamba karatasi ya malipo ina nguvu nyingi, na anayedai deni hana budi kulithibitisha. Lakini magazini inayo hati ya kutolea vitu yenye sahihi yetu sisi, na mashahidi wawili wapo. Tukauliza habari za muda. Akasema Kongo imo katika mapatano ya biashara yaitwayo OHADA tangu Septemba 2012. Kwa sheria hiyo, deni kati ya mfanyabiashara na mtu asiye mfanyabiashara laweza kudaiwa hadi miaka 5, isipokuwa pale sheria ilipoweka muda mfupi zaidi. Mzee wetu aliyetaka neno life, angelingoja sana.

Akaongeza neno la upande wa pili, maana haki ni mizani. Kosa likimwonea mnunuzi, kanuni ni ile ile. Ukiletewa fakture ya kitu usichokipata, au ya nyumba isiyo yako, karatasi ile haikufanyi mdeni. Ukiwa umelipa kwa kudanganyika, waweza kudai urudishiwe, kwa kuwa kilicholipwa bila deni hurudishwa. Tena, kama uzembe wa mdai umekuletea hasara, kwa mfano amekaa miaka bila kukuandikia fakture, kisha akuletea yote kwa siku moja na kukukatia huduma, kifungu cha 258 cha amri ile ile humtaka kila atiaye mwenzake hasara kwa kosa lake kuifidia. Deni la kweli utalilipa, lakini hasara yako waweza kuidai.

Tulirudi nyumbani tukiwa tumenyamaza. Jumamosi ile tulikuwa na watoto wa mafundisho, na somo lilikuwa amri ya saba. Tukawasimulia habari ya yule wakili wa tajiri katika Injili ya Luka, aliyewaita wadeni wa bwana wake, akamwambia wa mafuta aandike 50 mahali pa 100, na wa ngano aandike 80 mahali pa 100. Mtoto mmoja akauliza, “Mwalimu, wale wadeni walijua kwamba si kweli?” Tukasema ndiyo, walijua. Akauliza tena, “Basi nao waliiba?” Hapo ulimi ukawa mzito.

Juma lile lile tukasikia habari nyingine. Mwanzoni mwa Januari 2023 magazini ilihesabu mali yake, ikaona malata 20 hayana fedha. Yule kijana karani akaambiwa atayalipa kwa mshahara wake. Ana mke na watoto wawili. Sisi tulikuwa tumesema deni ni la tajiri. Kumbe lilikuwa limekwisha kumwangukia asiye na kitu. Deni lisilolipwa na mwenyewe halipotei; humtafuta mwingine wa kulibeba.

Kesho yake asubuhi tukaenda, sisi na mama mtunza sanduku, tukiwa na fakture, hati ya kutolea vitu, na daftari letu. Mwenye magazini akazisoma zote. Akauliza, “Mwalimu, mliliona lini?” Tungeweza kusema jana. Tukasema, “Siku ile ile, Baba.” Akatutazama kitambo. Akamwita karani, akamwambia kwamba hatakatwa kitu tena, na dola 40 alizokwisha kukatwa atarudishiwa. Kisha akatuandikia karatasi mpya: dola 200, tulipe kwa miezi minne. Kijana hakutushukuru, wala hakutulaumu. Alisema tu, “Ningalijua mapema, Mwalimu, ningalilala.” Neno hilo lingali nasi.

Dola zile 200 tulizimaliza mwezi wa Mei. Dola 50 zilitoka mfukoni mwetu, kwa kuwa kunyamaza kulikuwa kwetu. Sakafu ya simenti ikachelewa mwaka mzima, na mzee mmoja mpaka leo asema tuliwatupia watu fedha za maskini. Hatumkasirikii. Sisi pia tulisema hivyo hivyo, miezi minne mizima, kimya kimya.

Basi, ndugu wasomaji, yashikeni haya machache. Mkinunua kwa deni, andikeni mapatano: vitu vingapi, bei gani, siku gani za kulipa. Linganisheni fakture na vitu vyenyewe kabla ya kuondoka. Tunzeni karatasi zote, hata baada ya kumaliza. Mkionewa na fakture, msivunjike moyo wala msigombane mlangoni: pelekeni barua, mbaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Na kosa likiwapendelea ninyi, semeni siku ile ile, maana siku ile ni kosa la karani. Ukiisha kulijua na kulificha, ni lako.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Chapeli haikuvuja. Tukisikia maji yakipiga juu ya malata, hatujui ni yapi yale 20, nasi twafurahi kutokujua.