Aliyetazama Miguu ya Wachezaji

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 jijini Havana, Kuba, mpiga fidla Enrique Jorrín alikuwa na tabia ambayo wanamuziki wengi hawana: aliwatazama wanaocheza. Bendi yake, Orquesta América, ilipiga mitindo ya danzón na mambo kumbini, naye akiwa jukwaani akaona watu wanapotea. Mapigo yale yaliruka sana. Mguu ukishuka, ngoma imeshapita. Wenye vipaji waling'ara, wengine wakahangaika.

Angeweza kusema hawajui kucheza, waende wakajifunze. Ndivyo tunavyosema mafundi wengi. Jorrín akaugeuza muziki. Akapunguza mapigo ya kuruka na kuuweka mdundo pale mguu unapoutegemea. Kisha wapigaji ala akawataka waimbe wote kwa pamoja, maana hawakuwa waimbaji hodari, na udhaifu wa sauti ya mmoja ungefichwa na sauti za wenzake. Wachezaji wakajibu kwa kuburuza nyayo sakafuni, mara tatu za haraka, na hapo ndipo lilipotoka jina cha-cha-cha. Mwaka 1953 wimbo wake "La Engañadora" ukavuma Kuba nzima, na haukupita muda mrefu watu wakawa wanaucheza mtindo huo New York na Paris.

Mimi mhariri, na kila nikimkumbuka Jorrín nasikia waandishi wakilalamika kwamba wasomaji wa siku hizi wavivu. Huenda ni kweli. Lakini kabla ya kukubali huwa nauliza: msomaji amejikwaa aya ya ngapi? Mara nyingi pana kisiki hapo, na aliyekiacha ni mwandishi. Wapo wanaoona kwamba kurahisisha ni kushusha hadhi. Hao waambie wapige filimbi kama ya Orquesta Aragón, bendi ya Kuba ya cha-cha-cha, ndipo waseme muziki huo ni mwepesi. Ugumu haukutoweka. Ulitolewa mguuni mwa mchezaji ukapelekwa mkononi mwa mpigaji, ambaye ndiye anayelipwa.

Kitu chepesi kukibeba hufika mbali. Santuri za Kuba zilikuwa zikiingia Kongo tangu miaka ya 1930, na vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, walikuwa wakiimba Kihispania cha kubabaisha bila aibu yoyote. Cha-cha-cha ilipofika haikuhitaji mkalimani. Mapema mwaka 1960 mwimbaji Joseph Kabasele na bendi yake African Jazz walikuwa Brussels, ambako wanasiasa wa Kongo walikaa na Wabelgiji kuzungumzia uhuru. Tarehe ilipopangwa, 30 Juni, bendi ikatoa "Indépendance Cha Cha", gita likipigwa na Docteur Nico. Wimbo ule uliwataja viongozi na vyama kama ndugu wa nyumba moja: Kasavubu, Lumumba, Tshombe, wote ndani ya mdundo mmoja. Januari 1961 Lumumba akauawa Katanga, kwenye himaya ya Tshombe. Naupenda sana wimbo ule, ila sijawahi kuusikiliza bila kukumbuka kwamba watu wanaweza kucheza pamoja leo na kesho wakachinjana. Ngoma hukutanisha, kupatanisha ni kazi nyingine. Mwaka huohuo wa 1961, huko Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, kampeni ya chama cha UNIP ya kuukaidi utawala wa Waingereza ikapewa jina la Cha-cha-cha. Sijui kama Jorrín aliwahi kupata habari hizo.

Kwetu Tanzania, mwanamuziki Salum Abdallah wa Morogoro wala hakujificha: bendi yake aliiita Cuban Marimba. Aliyachukua mapigo ya Kuba akayatilia Kiswahili, na watu wakayaona yao.

Ndiyo maana kwenye harusi za Morogoro zilipendwa zikipigwa, wazee huinuka kabla hata mshereheshaji hajamaliza kuwaita. Kwenye harusi moja nilimwona shangazi akimfundisha mpwa wake, kijana mwenye suti iliyombana. Shangazi alikuwa amevua viatu na kujifunga kanga kiunoni juu ya gauni.

"Mbili polepole, tatu haraka," akamwambia. Kijana akakanyaga tatu polepole, kisha akasimama.

"Shangazi, mimi siwezi."

"Nani kakuambia uhesabu kichwani?"

Kijana akaacha kuhesabu. Shangazi akamshika mkono, akawa anagonga sakafu kwa kisigino pale penye zile tatu, kwa nguvu, hadi watu wa meza za karibu wakageuka kutazama. Kijana akakosea, akakosea tena, kisha mguu ukaingia. Mabega yake yakashuka. Wimbo ulikuwa bado haujafika katikati.

"Haya, niachie mkono," shangazi akasema, macho yake yameshahamia kwa bwana mmoja mnene aliyekuwa akijifanya anatafuta simu. "Na wewe shemeji, njoo huku."