Wosia kwa Mjukuu Aliyepata Leseni ya Urubani

Mjukuu wangu,

Nguvu zimeniishia, lakini akili bado ninayo, kwa hiyo nakuachia neno hili nikingali hai. Umepata leseni ya rubani binafsi kule uwanja wa ndege wa Wilson, na habari zimezagaa soko zima la Kibuye. Mama zako wauza omena wakisikia ndege inapita huinua macho wakidhani ni wewe. Furahi, ni haki yako. Ila zile saa 40 za kuruka zinazodaiwa kwa leseni zimekupa ruhusa ya kuruka tu. Masomo hayajaisha.

Kanuni inasema ukitaka kubeba abiria uwe umeruka na kutua mara 3 ndani ya siku 90. Mara 3 ni chache mno. Rudi kwa mkufunzi bila kusubiri sheria ikusukume. Mwambie apunguze nguvu ya injini mkiwa juu ya miwa ya Muhoroni, kisha akuulize utatua wapi.

Kinachoninyima usingizi ni ziwa. Mchana upepo wake hupeleka unyevu hadi vilima vya Nandi na Kericho, na alasiri mvua ya mawe inamwagika huko. Usiku radi zinahamia majini. Jioni ya ukungu juu ya Ghuba ya Winam, maji na anga huwa rangi moja, usijue mpaka wake uko wapi. Hapo hisia ya mizani iliyo sikioni itakuambia umenyooka, kumbe bawa limeinama na unashuka kwa kuzunguka. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kiliwajaribu marubani 20 wasiojua kuruka kwa kutazama vipimo tu, wakazuiwa kuona nje. Wote ndege iliwashinda, baada ya wastani wa sekunde 178. Dakika 3 hazikutimia! Na hawakuwa wazembe. Walipofundishwa namna ya kusoma vipimo na kugeuza ndege taratibu warudi walikotoka, waliweza.

Basi wale ng'ombe niliokuwekea kwa ajili ya mahari, uza mmoja ulipie mafunzo ya kuruka kwa vipimo. Wakwe watasubiri, nimeshazungumza na baba yako, naye amekubali. Anza mwezi huu, na mpaka utakapomaliza, usimvushe mtu ziwa jioni, hata akikulipa, hata akiwa ndugu yako.

Ni mimi babu yako,
Kibuye, Kisumu