Fungate Porini: Niliyouliza Kabla ya Kulipa



Tangu niolewe bara, maharusi wengi wananiuliza jambo moja: fungate twende wapi, na tukalale wapi? Wengi wao wameshatumiwa picha na wakala: kitanda chenye chandarua cheupe, beseni la kuogea linalotazama mbuga, tembo kwa mbali. Picha ni nzuri, lakini haikwambii maji yanapatikana saa ngapi. Na bibi harusi, wewe unajua kwa nini naanza na maji.

Mume wangu ni mtu wa Kahama, mkoa wa Shinyanga. Ndoa ilifungwa Unguja, kisha nikapelekwa kwao kwa sherehe ya upande wa kiume. Baada ya hapo tulikuwa na wiki moja tu ya kuwa wawili kabla hajarudi kazini. Wakala akatupangia ile safari inayouzwa kila mahali: Arusha, Tarangire, Manyara, Ngorongoro, Serengeti. Usiku 6, loji 5. Bei yake ingetaka tukope, na mume wangu alikuwa tayari kukopa, maana aliona haya kunipa pungufu ya walichopewa mashoga zangu. Mimi sikutaka ndoa changa ianze kwa kulipa deni la vitanda tulivyolalia usiku mmoja mmoja.

Basi tukafungua ramani. Aliyeko Shinyanga hana haja ya kuzunguka Arusha ili aione kaskazini. Barabara ya Mwanza kwenda Musoma inapita lango la Ndabaka, mlango wa magharibi wa Serengeti, na kati ya Mei na Julai nyumbu wanaohama hupita pande hizo. Na katika Ziwa Viktoria, mkoani Geita, kuna Rubondo, kisiwa kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Anayeshuka ndege Mwanza naye amerahisishiwa: tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, kivuko hakisubiriwi tena. Tukakubaliana Rubondo usiku 3, na siku 1 ya Ndabaka kabla ya kuagana. Hesabu ikaingia mfukoni bila mkopo.

Kabla ya kulipa nilishika simu mwenyewe. Swali la kwanza lilikuwa hilo la maji. Kambi nyingi za mahema huleta maji ya kuogea kwa ndoo, mhudumu akayamimina kwa nje ukishamwita. Mchana si neno. Lakini alfajiri, ukiwa na josho, utamwita nani? Uliza bila kuzunguka: maji yapo usiku wote? Bafu na choo viko ndani ya chumba? Porini usiku hutoki bila askari, kwa hiyo choo cha nje ni taabu na haya juu yake. Sehemu moja mpokezi alicheka, nikaifuta. Nyingine mzee mmoja akanijibu taratibu: "Maji yapo usiku wote, mwanangu, na mkitaka ya moto kabla ya alfajiri, jiko liko wazi kwenu." Hapo ndipo tulipolala.

Swali la pili ni sitara. Vyumba vimeachana kiasi gani? Dirisha linafungwa kwa pazia au kwa wavu tu? Ukiambiwa kuna bwawa la kuogelea, uliza kama lina saa za peke yenu. Ziwani msiingie hata kwa mchezo: kuna mamba, viboko na kichocho.

La tatu ni chakula. Uliza nani amechinja, na kama nguruwe hupikwa katika vyombo hivyo hivyo. Penye shaka, samaki ni faraja ya Muislamu. Sisi tulibeba mchele, viungo na nazi kutoka nyumbani, tukanunua sato Muganza, upande wa Chato, kabla ya kupanda boti.

La nne halimhusu mwenye loji, ni la kwenu wenyewe: swala. Pwani tumezoea kuita kaskazini "kibla", na Unguja ni kweli, Makka iko karibu kaskazini kabisa. Geita uko magharibi zaidi, kwa hiyo geuka kidogo kuelekea mashariki. Na jua linatua huko karibu nusu saa baada ya Unguja. Ukiwa na saumu ya sunna, usifuturu kwa saa za nyumbani. Kwa sisi tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi'i, msafiri atakayekaa mahali chini ya siku 4 kamili, bila kuhesabu ya kufika na ya kuondoka, anaweza kupunguza na kukusanya swala. Usiku wetu 3 ukaingia humo, na matembezi ya mchana hayakugombana na Adhuhuri.

Sasa matembezi yenyewe. Rubondo haina simba wala chui, ndiyo maana watu hutembea kwa miguu na askari wa hifadhi. Kuna nzohe, swala wa majimajini mwenye kwato ndefu, kuna furukombe kila upande, na kuna sokwe. Sokwe hao wana kisa: kati ya 1966 na 1969 Profesa Bernhard Grzimek aliwaleta kutoka Ulaya, walikokuwa wamefungiwa, wakaachiwa msituni. Hawakufika 20. Leo wazao wao ni wenyeji kamili. Kuwafuata ni saa nyingi za kupanda na kuteleza, na unaweza usiwaone. Kama ni siku zako za uchovu, chukua boti ya jioni. Fungate si mtihani.

Siku ya Ndabaka, angalieni mavazi. Unguja mbung'o tumemsahau, kwani kisiwa kilitangazwa kimeondokana naye mwaka 1997. Magharibi mwa Serengeti bado yupo, na rangi nyeusi na buluu humvuta. Hata mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Baibui jeusi katika gari la wazi ni mtego unaotembea. Vaa la rangi ya mchanga au kahawia, pana, la mikono mirefu. Malaria nayo ni nyingi kanda ya ziwa kuliko kwetu, basi chandarua kisiwe pambo.

Shemeji yangu alitaka tupitie machimbo ya wachimbaji wadogo Geita. Nilimshukuru nikakataa. Dhahabu hukamatwa kwa zebaki, mvuke wake ni sumu, na mtoto aliye tumboni huumia zaidi. Bibi harusi hajui Allah amemwandikia nini mwezi huo. Tukapita badala yake kwenye soko la dhahabu la mjini, lililofunguliwa Machi 2019. Nikawaona wauzaji na vipande vyao vidogo, mikono imekauka, nikazitazama bangili za mahari yangu kwa jicho jingine.

Mtaniuliza nilipata nini zaidi ya wanyama. Sisi hatukuwa tumezoeana. Tulikuwa tumezungumza mbele za wazee na kwa simu, basi. Alfajiri ya kwanza niliamka nikakuta ndoo ya maji ya moto bafuni. Alikuwa ameamka kabla yangu, askari akammulikia njia hadi jikoni, akachemsha, akarudi, wala hakusema neno. Tukaswali, yeye mbele na mimi nyuma yake, mawimbi yakisikika kama ya kwetu.

Kwa hiyo dada yangu, usione haya kumuuliza mwenye loji. Anayejibu vizuri mambo ya maji, pazia na chungu, huyo ndiye atakayekutunza. Na mpe mumeo orodha hiyo auone moyo wako mapema. Anayeichukua kwa uzito, mshukuru Mola wako.

Allah awajaalie maharusi wetu mapenzi na sitara, huko porini na majumbani. Amin.