Maradhi ya Watu Wenye Hasira

Zamani za Zaire, katika vilima vya Masisi nilikozaliwa, mtu aliyeugua kidonda cha tumbo hakuonewa huruma nyingi, kwa kuwa ilisadikiwa na wote, waliosoma na wasiosoma, kwamba maradhi yale hayampati ila mwenye ghadhabu iliyofichwa, au mwenye deni, au mwenye kuwahusudu jirani zake. Na marehemu baba yangu, aliyekuwa mkimya kwa tabia na ambaye tumbo lilimkata kila usiku kabla ya alfajiri, aliishi na sifa hiyo mbaya mpaka ajali yake ilipofika. Shangazi yangu alikuwa akimwambia mama waziwazi, "Wifi, kaka yangu kuna jambo analoliweka moyoni." Wala tabibu hakuwa mbali na shangazi: alimwagiza baba apunguze fikira, aache pilipili, na anywe maziwa mara nyingi kwa siku. Maziwa hayakuwa adimu Masisi, nchi ya malisho na jibini. Baba akayanywa kwa utii, akapata faraja kidogo, kisha maumivu yakarudi, kwani maziwa, kama ilivyokuja kubainika baadaye, hutuliza tumbo kwa kitambo tu, na halafu huliamsha litoe asidi zaidi.

Na wagonjwa kama yeye hawakuwa wachache. Matabibu walioandika habari za Afrika zamani hizo walikwisha kuona kwamba kidonda cha utumbo mwembamba kilizidi sana katika milima inayoyagawa maji ya Nile na ya Kongo, nasi makao yetu yalikuwa kando yake, mto Rutshuru ukielekea upande wa Nile, na Lowa ukipita Walikale kuiendea Lualaba. Nadhani hasira haifuati mikondo ya mito.

Mwaka 1982, huko Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walikibainisha kijidudu kinachoishi tumboni licha ya asidi yake, kiitwacho Helicobacter pylori. Na kwa kuwa wakubwa wa utabibu walikataa kusadiki kwamba ndicho kiletacho vidonda, Marshall alikinywa mwenyewe mwaka 1984, akaugua. Waliipata tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kwetu habari hizo hazikufika mapema. Kilichofika ni vita, vilivyoanza sokoni Ntoto, wilayani Walikale, mwezi Machi 1993, vikaenea Masisi yote, na tangu hapo havijatuacha kwa muda mrefu. Waama, kama kidonda kingekuwa kweli mtoto wa ghadhabu na wasiwasi, baada ya mwaka huo asingebaki mtu Masisi asiyetapika damu.

Zamu yangu ilikuja mwaka 2016. Nilikuwa nikifundisha upande wa Kashebere, Walikale inapopakana na Masisi, na magoti yangu nikiyatuliza kwa vidonge vya indosidi, ambavyo katika nchi ya machimbo havikosekani kwa mchuuzi yeyote, pamoja na sigara na betri. Maana tangu madini ya kasiteriti yalipogunduliwa Bisie mwaka 2002, na vijana wakawa wanabeba magunia ya kilo 50 kupitia msituni hadi Njingala, dawa ya maumivu imekuwa sehemu ya posho. Kwanza choo kiligeuka cheusi chenye kunata. Kisha nikatapika kitu mfano wa machicha ya kahawa, na nilipoinuka nikaanguka. Walinipakia kwenye pikipiki, katikati ya watu wawili. Na pale matope yalipoishinda pikipiki, vijana walinibeba kwa tipoyi, wakipokezana mabega, wakipita Nyabiondo hadi Masisi. Njiani mmoja wao aliniinamia akauliza kwa upole, "Mwalimu, nani amekukasirisha?"

Katika hospitali kuu ya Masisi, ambako Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa wakisaidiana na Wizara ya Afya tangu mwaka 2007 na mgonjwa hakutozwa kitu, hakuna aliyeniuliza habari za moyo wangu. Muuguzi aliuliza nimemeza vidonge gani, kwa muda gani, na kama nyumbani kwetu kuna aliyewahi kuugua tumbo. Mdogo wangu alipimwa, damu yake ikaafikiana na yangu, akatoa. Nikaitazama ikiteremka mrijani tone kwa tone, naye ameketi kando ya kitanda akinywa chai ya sukari nyingi, akiniambia kwa mzaha kwamba sasa itanibidi nimtii. Walinidunga omeprazoli, na damu ilipokoma wakanipa viuavijasumu pamoja nayo, dawa za majuma mawili tu, dhidi ya maradhi ambayo baba aliyabeba umri wake wote. Indosidi nikakatazwa. Mpira wenye taa unaoingizwa kooni ili kulitazama tumbo sikuuona mpaka nilipoteremka Goma, na huko wakaniambia kidonda kimefunga.

Nilimpelekea habari shangazi, ambaye sasa ni mkongwe, nikamweleza kwamba kaka yake hakuwa na siri yoyote moyoni, bali kijidudu, na kwamba aghalabu mtu hukipata utotoni, kutoka kwa watu wa nyumba yake. Alinyamaza kwa muda, akihesabu watu kwa vidole. Kisha akasema kwamba basi lazima ni bibi, mama yake mwenyewe, aliyewatafunia chakula wakiwa wachanga. Na tangu siku ile mashitaka yote yamehamia kwake.