Mashine Iliyovuta Kushoto

Mashine ya kukatia nyasi inayogeuka papo hapo haina usukani. Kila gurudumu la nyuma lina pampu yake na mota yake inayosukumwa na oili, na mwendeshaji hushika mikono miwili ya chuma, mmoja kwa kila upande. Akisukuma yote miwili, mashine huenda mbele. Akisukuma mmoja na kuvuta mwingine, huzunguka pale pale iliposimama. John Regier wa Kansas, Marekani, aliunda mashine ya namna hiyo katika miaka ya 1960, na hadi leo uzima wake hutegemea jambo moja: pande mbili zifanye kazi sawasawa.

Mashine inayokumbukwa hapa ilinunuliwa ikiwa imekwisha kutumika miaka mingi kwenye kazi za bustani. Ilivuta kushoto, iliacha michirizi ya nyasi zisizokatwa, na chini ya kiti nyaya za swichi ya usalama zilikuwa zimefungwa pamoja kwa utepe mweusi. Nyaya hizo ndizo zilizorekebishwa kwanza. Swichi ya kiti huzima injini mtu anapoinuka visu vikizunguka, na mashine isiyo nayo haistahili kuwashwa.

Kuvuta kushoto kulidhaniwa kuwa ni pampu iliyochoka, kipuri cha bei kubwa. Hata hivyo uchunguzi ulianzia kwenye upepo wa matairi. Tairi la kushoto lilikuwa limelegea. Tairi likilegea, gurudumu huwa kama limepungua ukubwa, na kila mzunguko husafiri umbali mfupi zaidi. Lilipojazwa, kasoro ilipungua bila kwisha. Oili ya pampu ilikuwa imegeuka nyeusi, ikabadilishwa pamoja na filta zake. Kisha hewa iliyoingia ilitolewa: magurudumu ya nyuma yaliinuliwa juu ya vyuma imara, ya mbele yakazuiwa kwa vigingi, vali za kuachia zikafunguliwa, injini ikawashwa, na mikono ikasogezwa mbele na nyuma taratibu mara kadhaa. Vali zilifungwa na zoezi likarudiwa. Tofauti ndogo iliyosalia ilimalizwa kwa nati ya fimbo inayounganisha mkono na pampu. Pampu zenyewe zilikuwa nzima.

Kwa upande wa visu, waya wa plagi ulichomolewa kabla ya mkono wowote kuingia chini. Nyasi zilizokauka rangi ya kahawia kwenye ncha zilikuwa zimeshatoa habari: kisu butu huchana, hakikati. Kila kisu kilinolewa kwa kufuata mlalo wake wa awali, kikatundikwa kwenye msumari katika tundu la katikati. Upande ulioinama ulipunguzwa hadi kisu kikatulia mlalo, kwa sababu kisu kisicho na uwiano hutikisa mhimili na kuua beringi. Beringi moja, iliyokwaruza ilipozungushwa kwa mkono, ilibadilishwa. Mwisho, matairi yakiwa na upepo sawa, kasha la visu lilisawazishwa kulia na kushoto, na mbele likashushwa kidogo kuliko nyuma, takriban milimita 6. Michirizi ikatoweka.

Tangu hapo matunzo yakachukua nafasi ya matengenezo. Saa za injini huandikwa kwenye daftari na oili hubadilishwa kwa wakati uliowekwa na mtengenezaji. Filta ya hewa hukaguliwa mara kwa mara, hasa majira ya vumbi, na nyasi zilizoganda chini ya kasha hukwanguliwa kabla ya kula chuma. Kabla ya majira ya baridi petroli huwekewa dawa ya kuihifadhi, kwani sehemu kubwa ya petroli ya Marekani ina ethanoli inayovuta unyevu na kuchafua kabureta. Betri hutolewa na kuchajiwa. Mashine hiyo sasa huenda moja kwa moja, mikono yote miwili ikisukumwa kwa nguvu ileile.